Bakuli la Pamba na sufuria ya Simba: shajara ya mradi wa kupunguza unene wa paka na mbwa, Mombasa

Oktoba, mwishoni

Mradi umeanza. Kazi yenyewe ni kuwasaidia watu wa mji huu wenye paka na mbwa wanene wawapunguze kwa chakula, polepole, bila kuwashindisha njaa na bila kuwatia maradhi. Nafanya kazi chini ya daktari wa mifugo. Yeye ndiye anayewachunguza, anayetoa damu inapobidi na anayeamua nani aingie. Mimi napima uzito, napiga hesabu za chakula na kupita majumbani. Naandika shajara hii ili mtu wa Malindi, Tanga au Unguja anayetaka kufanya vivyo hivyo apate pa kuanzia.

Tumewachukua wanne kwa awamu hii. Pamba ni paka dume mweupe wa Kibokoni, Mji wa Kale, amehasiwa, kilo 7.2. Kibibi ni paka jike wa Bondeni, amefungwa kizazi, kilo 5.6. Simba ni mbwa wa aina ya Labrador anayelinda nyumba Nyali, kilo 44. Popi ni mbwa mdogo wa mchanganyiko, umri umekwenda, anaishi Tudor na mwalimu mstaafu, kilo 10.8.

Wengine waliletwa tukawarudisha, na hili nalisema mapema kwa sababu kulipuuza ni hatari: tumbo kubwa si unene kila mara. Paka mmoja kutoka Makadara alikuwa na mimba. Mbwa mmoja wa Kisauni tumbo lilikuwa limejaa maji huku mbavu zake zikihesabika. Huyo alihitaji matibabu siku hiyo hiyo, na kumpunguzia chakula kungemmaliza. Watoto wa mbwa wenye minyoo mingi nao hufura matumbo, na mwenyewe akadhani wameshiba. Ndiyo maana hatuanzi na mizani, tunaanza na mikono.

Namna tunayowafundisha wenyewe ni hii. Nyoosha kiganja chako kikiangalia chini, upitishe vidole vya mkono wa pili juu yake: mifupa unaihisi bila kubonyeza. Mbavu za paka au mbwa mwenye uzito mzuri zinatakiwa kuhisika hivyo. Kunja ngumi upapase vifundo, hizo ni mbavu za aliyekonda. Geuza kiganja ubonyeze upande wa ndani, chini ya vidole, pale ambapo mfupa hauhisiki mpaka uutafute. Ukikuta hivyo kwenye mbavu, huyo kanenepa. Kisha mtazame kutoka juu kama ana kiuno, na kutoka ubavuni kama tumbo limepanda kuelekea mapajani au limening'inia.

Daktari hutumia alama za 1 hadi 9. Alama ya 5 ndiyo nzuri, kwa mbwa hata 4, na kila alama iliyozidi 5 huhesabiwa kuwa takriban asilimia 10 ya uzito usiotakiwa. Pamba amepata 9, Kibibi 8, Simba 8, Popi 7. Kutokana na hapo tumewawekea shabaha: Pamba kilo 5, Kibibi 4.3, Simba 34, Popi 9.

Kuhusu mizani. Mizani ya bafuni yafaa kwa mbwa mkubwa: mwenye mbwa apande naye kama anaweza kumbeba, apande tena peke yake, tofauti ndiyo uzito wa mbwa. Kwa paka haitoshi. Paka akipungua gramu 60 kwa wiki amefanya vizuri sana, na mizani ya bafuni haioni gramu 60. Tunatumia mizani ya kupimia watoto wachanga, inayosoma kwa gramu 10. Simba tunampeleka kwa daktari, kwa kuwa hakuna anayembeba.

Novemba, mwanzoni

Hesabu. Naiandika kwa kirefu kwa sababu watu wengi huiogopa na haina ugumu wowote kwa mwenye simu.

Mwili uliolala tu hutumia nishati kiasi fulani kwa siku ili moyo upige, mapafu yafanye kazi na damu ibaki na joto. Kiasi hicho hakipandi sawasawa na kilo; mnyama mkubwa hutumia kidogo kwa kila kilo kuliko mdogo. Kanuni wanayoitumia madaktari ni uzito kwa kilo, ukipandishwa kwa kipeo cha 0.75, kisha mara 70. Kwenye kikokotoo cha simu: zidisha uzito kwa wenyewe mara tatu, tafuta kipeuo cha pili, tafuta kipeuo cha pili tena, zidisha kwa 70. Kwa Pamba tunatumia kilo 5 tunazozitaka, hatutumii 7.2 alizonazo: 5 × 5 × 5 ni 125, kipeuo chake 11.18, kipeuo chake tena 3.34, mara 70 ni kilokalori 234. Paka anayepunguzwa tunaanza naye kwa asilimia 80 ya hiyo, yaani 187. Kibibi amepata 167. Mbwa huanza na kiasi chote: Simba 985, Popi 364.

Tarakimu hizi ni za kuanzia tu. Kuna paka watakaopungua zaidi ya tulivyotaka na kuna watakaokaa pale pale, ndipo turekebishe kwa asilimia 5 au 10. Mwendo tunaoutaka ni paka kupungua nusu asilimia hadi asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki, na mbwa asilimia 1 hadi 2.

Wenye wanyama wakiona 187 huuliza ni chakula gani hicho. Jibu langu ni kikombe cha maziwa. Kikombe cha chai cha mililita 200 za maziwa yasiyotolewa mafuta kina kilokalori 125 hivi, theluthi mbili ya haki ya Pamba kwa siku nzima, na bado hajala nyama hata kipande. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina 120. Aliyemkaangia paka samaki kwa mapenzi amempa chakula cha nusu siku ndani ya mafuta yaliyoshika ngozi ya samaki.

Novemba, katikati

Wiki mbili na Pamba hajapungua hata gramu moja. Bi mkubwa anayemlea ameshikilia neno lake: "Huyu hali kitu, mwanangu. Asubuhi namuwekea kidogo, na mara nyingi hukiata." Nimekwenda jikoni kwake nikakuta ni kweli tupu. Gramu zake anazipima kwa uaminifu, na bakuli huachwa nusu.

Basi nikakaa barazani asubuhi nzima.

Pamba hutoka alfajiri. Shoga yake Bi mkubwa, ng'ambo ya kichochoro, humuwekea maziwa ndani ya kisahani kwa sababu alimpoteza paka wake mwenyewe, na Pamba humliwaza. Mama anayekaanga samaki pembeni humtupia kichwa cha changu. Kinyozi hummegea mkate aliouchovya kwenye chai ya maziwa. Watoto wanaokwenda chuoni humpa mahamri, hasa kile kipande cha juu kilichobaki na mafuta. Muuza kahawa hampi chakula, humpa kofi la upendo mgongoni tu, na ndiye pekee ambaye Pamba hamfuati.

Hakuna hata mmoja kati yao anayempa kingi, na hakuna anayejua wenzake humpa nini. Nimeorodhesha kila kitu nikajumlisha, na kwa makadirio ya chini siku ile alikula zaidi ya mara mbili ya tulichompangia, kabla ya kurudi nyumbani kwenye bakuli lake.

Hapa ndipo ninapoona mradi wenyewe ulipo. Paka wa Mji wa Kale si wa nyumba moja. Anapita, anaingia, anatoka, na watu wa hapa wamelelewa kumpa kitu. Tunafundishwa tangu utotoni ile hadithi ya Mtume kwamba paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka. Kumwambia shoga yake Bi mkubwa asimpe Pamba kitu ni kumnyang'anya jambo linalomfariji, naye atampa kwa siri. Sitaki mradi unaowafanya watu wafiche wema wao.

Tulichokubaliana, baada ya mazungumzo marefu na chai nyingi, ni hiki. Asubuhi Bi mkubwa anapima chakula chote cha Pamba cha siku kwenye mizani ya jikoni: gramu 50 za chakula kikavu cha tiba, yaani cha kupunguzia unene, chenye kilokalori 330 kwa kila gramu 100, na kipande cha samaki mweupe wa kuchemsha cha gramu 15 hivi, kisicho na mwiba. Kisha anakigawa kwenye vikopo vyenye vifuniko. Kimoja kinabaki kwake, kimoja kwa shoga yake, kimoja kwa mama wa samaki, kimoja kwa kinyozi. Kila mmoja anampa Pamba kwa mkono wake, saa yake, lakini chakula ni kilekile kimoja kilichopimwa. Kikopo kikiisha, kimeisha.

Kinyozi alisema kikopo chake ni kidogo mno, aibu kumpa mgeni. Nilimwomba ampe punje mojamoja. Paka hahesabu gramu, anahesabu mara ngapi umemwinamia.

Novemba, mwishoni

Nyali. Kwa Simba shida ni ya aina nyingine. Sufuria yake hupikwa ugali wa nusu kilo ya unga pamoja na mapafu kutoka bucha. Unga wa mahindi wa gramu 100 una kilokalori 360 hivi, kwa hiyo sufuria moja ina 1,800 za unga peke yake. Juu ya hapo kuna askari wawili wanaopokezana zamu. Wa usiku humlisha kabla ya kuondoka, wa mchana humlisha anapoingia, kila mmoja akidhani mwenzake hakumpa, kwa sababu Simba huwapokea wote wawili kwa macho ya mbwa aliyesahaulika.

Mwenye nyumba anamwita mlafi. Nilimweleza kwamba si tabia mbaya. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba karibu robo ya mbwa wa Labrador wana upungufu katika jeni inayoitwa POMC, ambayo husaidia ubongo kujua kuwa mwili umeshiba. Mbwa wa namna hiyo anasikia njaa kweli. Hatujampima Simba jeni, wala haibadilishi kazi yetu, lakini imebadilisha namna anavyosemeshwa pale nyumbani, na mimi hilo nalithamini.

Nikamweleza pia utafiti wa Marekani ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2002. Walichukuliwa Labrador 48 wakapangwa wawiliwawili. Mmoja wa kila jozi akapewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake, maisha yao yote. Waliokula pungufu waliishi miaka 13 kwa wastani wa katikati, wenzao 11.2. Na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Mwenye nyumba alinyamaza, kisha akaniuliza Simba ana miaka mingapi kwa hesabu hiyo. Ana miaka sita.

Tumebandika karatasi kwenye kibanda cha lango: saa, gramu, jina la aliyempa. Askari wa usiku alikuwa na hoja yake, kwamba mbwa mnene huwatisha wezi. Nikamwomba tumtazame Simba akinyanyuka. Alihitaji kujaribu mara mbili kabla miguu ya nyuma haijakubali. Tangu siku ile askari huyu ndiye mwandikaji bora wa mradi mzima. Ameandika hata siku Simba alipookota embe chini ya mti.

Desemba, mwanzoni

Chakula cha Simba kimekuwa na mjadala. Chakula cha tiba cha paketi ndicho rahisi kupima, lakini kwa mbwa wa kilo 44 bei yake ni nzito na mara nyingine hakipatikani. Daktari amekubali chakula cha kupika. Kwa siku: mapafu nusu kilo yakiwa mabichi, yanachemshwa mpaka yaive kabisa, mchele mkavu gramu 100, malenge gramu 300, kijiko kidogo cha mafuta, na unga wa madini na vitamini aliompimia daktari. Jumla inakuja kama 950. Mapafu ya ng'ombe yana mafuta machache, ndiyo maana yanafaa. Malenge hujaza tumbo kwa maji na nyuzinyuzi bila kuongeza kalori nyingi.

Naomba mtu asinakili orodha hiyo akaacha ule unga wa daktari. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo sana, na mbwa akila hivyo kwa miezi mwili huchukua kalisi kutoka mifupani mwake. Kosa lililo jirani na hilo ni kuchukua chakula cha kawaida na kukikata nusu. Ukikata chakula nusu umekata na protini nusu na vitamini nusu, na mnyama hupoteza misuli badala ya mafuta. Vyakula vya kupunguzia unene hutengenezwa viwe na protini na madini mengi zaidi kwa kila kalori kwa sababu hiyo hiyo.

Kuhusu mapafu mabichi, ambayo mabucha mengi huwapa watu bure au kwa bei ndogo: yapikwe, bila mjadala. Yanaweza kubeba vifuko vya tegu aitwaye Echinococcus. Mbwa akivila, tegu hukua ndani ya utumbo wake, mayai hutoka na kinyesi, na mwanadamu akiyameza huota vifuko kwenye ini au mapafu. Kenya inaujua ugonjwa huu vizuri, hasa Turkana.

Mtu mmoja kaniuliza kama ugali ni sumu kwa mbwa. Si sumu. Mbwa ameishi na wakulima kwa maelfu ya miaka na tumbo lake husaga wanga vizuri. Tatizo ni kiasi. Paka ndiye tofauti. Paka ni mla nyama kwa maumbile; mwili wake hauwezi kutengeneza taurini ya kutosha, na taurini iko kwenye nyama, moyo na samaki, haiko kwenye wali. Akiikosa kwa muda mrefu macho huharibika na moyo hupanuka na kudhoofika. Anayempunguza paka kwa kumpa wali mtupu na mchuzi amemtoa kwenye unene akamtia kwenye upofu.

Desemba, juma linalofuata

Kibibi ametutia hofu. Mwenye Kibibi alibadilisha chakula chote kwa siku moja, cha zamani kikatolewa, kipya kikawekwa, naye Kibibi akakinusa akageuka. Kesho yake vilevile. Mama huyo alifurahi, akaona sasa atapungua upesi.

Kama kuna ukurasa mmoja wa shajara hii ningependa usomwe na kila mwenye paka mnene, ni huu. Paka mnene asiyekula ni mgonjwa wa dharura. Mwili wake ukikosa chakula humwaga mafuta kwenye damu kwenda ini, na ini la paka haliwezi kuyashughulikia kwa wingi huo. Mafuta hujazana ndani ya ini lenyewe, likaanza kushindwa kazi. Siku chache tu zatosha. Dalili utaziona kwenye ufizi na weupe wa macho, hugeuka manjano, na wakati huo paka ameshazidiwa, hutakiwa kulishwa kwa mpira siku nyingi. Wasiotibiwa wengi hufa.

Kibibi tulimuwahi. Daktari alimrudishia chakula cha zamani siku ile ile, akala usiku. Tangu hapo kanuni yetu kwa kila nyumba ni hii: siku moja bila kula, piga simu, usingoje ya pili. Na chakula kipya huingia kwa kuchanganywa, robo kwanza, kisha nusu, kwa siku kumi au hata wiki mbili kwa paka mgumu. Supu ya samaki wa kuchemsha isiyo na chumvi wala kitunguu, vuguvugu, kijiko kimoja juu ya chakula kipya, imetusaidia kwa Kibibi kuliko kitu kingine chochote.

Uzito wa sasa: Pamba 7.05, Kibibi 5.5, Simba 42.4, Popi 10.4.

Januari, mwanzoni

Simba 42.9. Amepanda. Karatasi ya lango iko safi, lakini Krismasi ililetea nyumba ile wageni wengi, na wageni hawasomi karatasi. Kulikuwa na nyama choma, na mifupa. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Tumshukuru Mungu hakikumkwama kitu.

Watoto wa nyumba wamependekeza kitu nami nimekikubali palepale. Wamemfunga Simba kitambaa chekundu shingoni, na mgeni akiuliza wanamwambia: "Huyu yuko kwenye dawa, tafadhali usimpe chakula." Watu wa hapa huheshimu dawa.

Kaskazi imeshika, na joto ni kali. Mbwa hupoa kwa kuhema, na mafuta yaliyomfunika humzuia kupoa, kwa hiyo mbwa mnene wa Mombasa mchana wa Januari yuko hatarini hata akitembea tu. Simba anatembezwa baada ya alfajiri na tena magharibi, na maji yakipwa vizuri huogeleshwa ufukweni, ambako viungo vyake havibebi uzito. Hubebewa maji matamu ya kunywa asinywe ya bahari. Ila matembezi haya ni kwa ajili ya misuli na furaha yake. Kilo zinatoka kwenye sufuria.

Popi anaendelea vizuri kuliko wote, sina mengi ya kuandika juu yake. Mwalimu hupima asubuhi, huandika, humpa. Alipokuwa akimmegea chapati, sasa humpa mishiri ya kuchemsha, na Popi huipokea kwa adabu ileile. Vitu vya kumtunuku visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori zake za siku, kwa Popi ni 36 hivi. Mwalimu hukata vipande usiku na kuvihesabu.

Februari, katikati

Simba amefika 40.8. Amepoteza zaidi ya asilimia 7 ya uzito aliokuja nao. Naitaja asilimia hiyo kwa sababu utafiti uliotoka mwaka 2010 ulionyesha kwamba mbwa wanene wenye maumivu ya viungo huanza kupunguza kuchechemea baada ya kupoteza asilimia 6 tu. Askari wa usiku aliiona kabla yangu. Ameandika kwenye safu ya maoni: "Amepanda ngazi za veranda mwenyewe."

Mwezi umeandama na Ramadhani imeingia, ratiba za Kibokoni zote zimegeuka. Mchana majiko yako kimya, usiku mji wote unakula. Bi mkubwa alihofia Pamba atateseka. Tumegeuza saa za vikopo: kimoja baada ya futari, kimoja baada ya tarawehe, kimoja wakati wa daku, na kidogo asubuhi. Paka kwa asili yake hula mara nyingi kidogokidogo usiku na mchana, kwa hiyo mpango huu umemfaa hata kuliko ule wa kwanza.

Hatari ya mwezi huu ni sambusa. Ndani yake mna vitunguu, mara nyingi na thomu (kitunguu saumu), na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu za paka na mbwa, viwe vibichi, vimepikwa au vimesagwa. Paka ndiye anayeathirika zaidi. Kabla ya mwezi kuandama nimepita kwa kila mwenye kikopo kuwaambia hivyo. Mama wa samaki aliuliza kuhusu matumbo ya samaki mabichi, ambayo paka wote wa pale huyapigania. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa hivyo kila siku huishia kuyumba na kushikwa na degedege. Kuchemsha hukiua kimeng'enya hicho. Jodari mwenye mafuta mengi, kila siku, bila vitamini E ya kutosha, huleta uvimbe wa mafuta chini ya ngozi wenye maumivu makali. Samaki kidogo, mweupe, aliyechemshwa, hana neno.

Kibibi amekuwa akimwamsha mwenyewe usiku. Tumetoboa chupa tupu ya maji matundu ya ukubwa wa punje, theluthi ya chakula chake huwekwa humo, naye huisukuma sakafuni mpaka zitoke. Analala sasa.

Machi, baada ya Idi

Vipimo: Pamba 6.2. Kibibi 4.95. Simba 39. Popi 9 kamili.

Pamba anajifikia tena mgongoni kujilamba. Manyoya ya karibu na mkia, yaliyokuwa yameshikamana kwa mafuta na mba, yamerudi laini. Shoga yake Bi mkubwa amenionyesha jambo hilo kwa fahari, na ana haki nayo, kikopo chake hakijapungua hata siku moja. Daktari amempima sukari iko sawa. Kisukari kwa paka huenda na unene, hasa kwa madume waliohasiwa, na Pamba alikuwa kwenye njia hiyo. Bado ana safari ya kilo 1.2, ambayo kwa mwendo huu ni miezi mitano au zaidi, na hakuna anayemharakisha.

Simba anaendelea na kipimo chake, ila daktari amepunguza mchele uwe gramu 80. Kadiri mwili unavyopungua ndivyo unavyotumia nishati kidogo, na kilichompunguza Novemba hakimpunguzi tena Machi. Mapafu hayaguswi, protini ibaki ileile.

Popi ameingia hatua ambayo wengi huipoteza. Mnyama aliyekwisha kupungua hawezi kurudishiwa chakula chake cha zamani. Mwili wake sasa unahitaji pungufu kuliko wa mbwa ambaye hakuwahi kunenepa, na uzito huweza kurudi. Tumempandisha kwa asilimia 10, kutoka 364 hadi 400, na atapimwa kila baada ya wiki mbili. Akibaki kati ya kilo 8.8 na 9.2 tunaacha hapo. Akizidi kushuka tunaongeza 10 nyingine. Mwalimu ameomba daftari jipya, la zamani limejaa.

Awamu inayofuata ni paka wa Kuze, wawili, ndugu wa tumbo moja, wote wamehasiwa mwaka jana. Baada ya kuhasiwa hamu ya kula hupanda huku mahitaji ya mwili yakishuka, na mwenyewe hakuambiwa apunguze chakula siku ile. Nimeshamwomba daktari, na amekubali, kwamba kuanzia sasa kila mnyama anayetoka kuhasiwa mikononi mwetu atoke na karatasi yenye gramu zake. Mmoja wa hawa wawili hula nyumba nne. Kinyozi wa Kibokoni amejitolea kwenda nami kuwaeleza majirani habari ya vikopo.